Maoni yangu kuhusu ghorofa la vioo Upanga: maduka chini, ofisi katikati, nyumba juu

Wadau mnaotafuta nyumba mjini, haya majengo mapya marefu ya Upanga na Kariakoo hapa Dar yenye kila kitu humohumo, fremu za maduka chini, ofisi ghorofa za katikati, juu apatimenti za kupanga, mnayaulizia sana na madalali wanawajibu kwa picha za sebule na marumaru tu. Mimi napanga kwenye mojawapo, Upanga, ghorofa ya tisa, mke wangu ana fremu ya vitenge hukohuko chini, na kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, kwa hiyo nitaongea kama mpangaji ila ya kazini nayo yatatoka. Jina la jengo naliacha maana haya ninayosema utayakuta majengo mengi tu hapa mjini, rangi ya vioo ndio inabadilika.

Wazo lenyewe la kuchanganya matumizi nalipa alama tano kwa tano. Mke wangu anashuka na lifti anafungua duka, foleni ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi anaisikia redioni. Mtoto akitoka shule anapitia dukani kwa mama yake, kuna duka la dawa chini, kuna sehemu ya chakula, kuna wakala. Na hata kwa hesabu za ujenzi inalipa, ofisi zinakula umeme mchana na nyumba zinakula usiku, magari ya ofisini yakitoka saa kumi na moja ndio ya wapangaji yanaingia, yaani pakingi ileile, jenereta lileile, matangi yaleyale yanafanya kazi zamu mbili. Na sio jambo geni kwetu, Mji Mkongwe Zanzibar, Mombasa, Kisutu, duka chini na familia juu watu wanaishi hivyo toka enzi na enzi, sisi tumeongeza lifti na urefu.

Tatizo ni jua, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri.

Jengo letu limegeuza uso magharibi. Barabara iko upande huo na mwenye jengo alitaka uso wa kupendeza uonekane barabarani, basi ukuta mzima wa magharibi ni kioo cha bluu toka ghorofa ya kwanza mpaka juu, hakuna kibaraza, hakuna kitu cha kutupa kivuli. Saa tisa jua linaingia sebuleni, saa kumi limeshagusa ukuta wa ndani, saa kumi na moja fremu ya aluminiamu ya dirisha huwezi kuishika. Tumeweka mapazia mazito, yanasaidia macho lakini joto hayalizuii, maana joto likishavuka kioo liko ndani tayari, pazia linapata moto na moto huo unabaki humohumo chumbani. Na kile kioo cha rangi ambacho dalali anakwambia kinakata jua, kinakata mwanga, joto kinalimeza chenyewe na sehemu yake kinakurudishia ndani, weka kiganja karibu na kioo saa kumi na moja jioni utanielewa. Kivuli cha kweli kinakutana na jua likiwa bado nje.

Dukani ni hivyohivyo. Mke wangu alikuwa anapanga vitenge kwenye kioo cha mbele wapita njia waone, kitenge kikikaa pale mkunjo wa nje unapauka, mteja akikikunjua anaona mstari mweupe katikati ya maua, hakuna atakayekinunua kwa bei yake. Sasa hivi mbele anaweka vipande vya kuonyesha tu na mzigo wenyewe uko ndani. Ukipita majengo ya zamani kule Kisutu utaona mengi ghorofa ya kwanza imetokeza juu ya njia ya miguu, mteja anatembea kivulini, mvua ikinyesha amejikinga, bidhaa ya dukani haichomwi. Waliochora yale walijua mji uliopo. Hapa kwetu mteja anasimama juani kuangalia bidhaa, hasimami sana.

Sasa niwape hesabu kidogo, sio ngumu na itawasaidia. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Maana yake saa sita mchana jua liko juu sana mwaka mzima, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba ndio linakuwa utosini kabisa. Mwezi wa sita linalala kidogo kaskazini, kama nyuzi 60 toka usawa wa ardhi, mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini, kama nyuzi 73 toka usawa wa ardhi. Dirisha la mita moja na nusu kwenda juu likitazama kaskazini, kibaraza kilichotokeza juu yake chini ya mita moja kinalitia kivuli lote saa sita mchana hata huo mwezi wa sita, upande wa kusini nusu mita inatosha mwezi wa kumi na mbili. Yaani kaskazini na kusini jua linafukuzwa kwa zege kidogo tu. Ila magharibi saa kumi jioni jua liko nyuzi kama 36, dirisha lilelile linataka kibaraza cha mita mbili, saa kumi na moja linataka karibu mita nne na hiyo hakuna mtu atakupa. Ndio maana jengo la mji huu likiwezekana linyooshwe mashariki mpaka magharibi, ubavu mwembamba upokee jua la asubuhi na jioni, ubavu mrefu uangalie kaskazini na kusini. Jengo letu limefanya kinyume chake, ubavu mrefu ndio unaoangalia magharibi.

Najua mtu ataniambia kiwanja cha mjini hakichaguliwi, barabara iko ilipo. Kweli, lakini kuna watu walibanwa hivyohivyo wakatoka. Mumbai kuna jengo la Kanchanjunga, alichora Charles Correa, likaisha 1983, apatimenti 32 zimepandiana. Mumbai ni pwani, joto na unyevu vilevile unavyovijua wewe wa Dar, na upepo wa bahari pamoja na mandhari nzuri viko mashariki na magharibi, kulekule linakotoka jua kali na mvua ya masika yao. Hakugeuza jengo, aliweka vibaraza vya kona virefu ghorofa mbili kwenda juu, vimeingia ndani ya nyumba, kwa hiyo sebule imekaa nyuma ya kivuli na upepo unaingia. Kile kibaraza kinakaa kati ya familia na hali ya hewa. Nikiangalia ukuta wetu wa kioo ambao hauna hata sentimita kumi za kutokeza, roho inaniuma, maana zege lilikuwepo na fundi alikuwepo.

Halafu upepo. Sisi watu wa pwani tuna bahati ambayo Dubai hawana, kaskazi inavuma toka kaskazini mashariki, kusi inakuja toka kusini mashariki, misimu yote miwili upande wa mashariki unapata. Jengo letu sehemu kubwa ya upande wa mashariki limeweka nini? Ngazi, lifti, vyoo vya wageni na chumba cha takataka. Vyumba vya kulala karibu vyote vimekwenda magharibi kwenye moto. Kuna jengo moja karibu na Kuala Lumpur, Menara Mesiniaga la Ken Yeang, ghorofa 15, lilikamilika 1992, yule naye aliweka ngazi, lifti na vyoo mashariki, lakini kwa makusudi, kwa sababu kule ndio vilikuwa vinakinga jua la asubuhi lisifike kwa wafanyakazi, na vikapewa mwanga na hewa ya asili kabisa, huhitaji feni chooni. Ungechukua akili ileile ukaileta Dar ungeziweka lifti na ngazi magharibi zipigwe jua zenyewe, watu ukawapa mashariki. Kitu kilekile, gharama ileile, ni kugeuza karatasi tu wakati wa kuchora.

Na hata kama dirisha lako liko upande mzuri upepo hauingii kama hauna pa kutokea. Majengo yetu mapya yana korido katikati, nyumba kushoto nyumba kulia, korido imefungwa huku na huku, taa zinawaka saa sita mchana. Ukifungua dirisha hewa inagonga mlango inakaa hapohapo. Dada yangu anakaa kwenye jengo la zamani la ghorofa nne hapahapo Upanga, korido iko nje pembeni kama kibaraza kirefu, ukuta wa ngazi ni tofali za matundu, juu ya kila mlango kuna uwazi wa hewa, madirisha ni yale ya vipande vya vioo unavyozungusha vinafunguka vyote. Kwake mwezi wa pili jioni pangaboi moja linatosha, watu wanakula wanaongea. Kwangu muda huohuo tumefunga kila kitu tumewasha AC mbili. Na madirisha yetu ni ya kuslaidi, ukifungua nusu imefunguka nusu imejificha nyuma ya mwenzake, kwa hiyo lile dirisha kubwa kwenye picha, hewa inapita nusu yake tu.

AC sasa. Elfu kumi ya LUKU inatoa uniti kama 28. AC ya BTU 12,000 inakula karibu uniti moja kwa saa ikiwa haipumziki, na kwenye chumba cha magharibi haipumziki, compresa inanguruma toka saa kumi jioni mpaka saa tano usiku, AC mbili ni uniti 14, ni elfu tano kwa jioni moja. Zidisha kwa mwezi upate jibu mwenyewe, na hiyo ni bei ya TANESCO, kuna majengo yana mita zao za ndani na bei yao ya ndani, ulizeni kabla hamjasaini.

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu AC za maghorofa na nataka kukisema taratibu. Mashine za nje za AC kwetu zimefungwa kwenye uwazi mwembamba katikati ya jengo, ule wanaouita shimo la hewa, ili zisiharibu uso wa mbele. Kila ghorofa inatoa joto lake mle ndani, joto linapanda, mashine ya ghorofa ya tatu inaipulizia ya nne, ya nne inaipulizia ya tano, mpaka sisi wa tisa tunavuta hewa ambayo imeshapita kwa majirani wote. AC hizi zinapimwa kiwandani kwa joto la nje la nyuzi 35. Fundi wetu alipopanda na kipimajoto chake jioni moja akakishikilia mbele ya mashine yetu, alikuta hewa inayoingia ni zaidi ya 45, akaniambia gesi ipo na compresa ni nzima, mashine imekosa tu pa kupumua ndio maana inajizima. Watu humu wamebadilisha AC mpya kabisa wakidhani walipigwa na muuzaji. Na sehemu ya chakula ya chini nayo imetoa bomba la moshi humohumo kwenye lile shimo, kwa hiyo jioni usipofunga dirisha la jikoni unapokea harufu ya mafuta ya chips. Hili ndilo eneo ambalo jengo la mchanganyiko linataka akili kuliko jengo la kawaida, kila shughuli ina joto lake na moshi wake, na lazima ujue unaupeleka wapi toka siku ya kwanza ya ramani. Bomba la jiko la biashara lipande peke yake mpaka juu ya paa. Mashine za AC ziende paani, au zikae kwenye vibaraza vya nje palipo na upepo na uziwekee uzio wa mbao kama hutaki zionekane.

Umeme ukikatika jenereta linawasha lifti, pampu na taa za korido, AC haliwashi, na hapo ndipo unajua umekaa kwenye nyumba ya namna gani. Ofisi za chini yetu zina vioo visivyofunguka kabisa, wakikatiwa umeme mchana watu wanatoka wanasimama kwenye ngazi, kazi zimesimama. Mimi naona jengo la Dar likishindwa kukalika kwa masaa mawili bila umeme halijakamilika hata kama limepewa vibali vyote.

Kuna ndugu wakisikia haya wanasema basi tujenge kama Eastgate ya Harare, lile jengo la Mick Pearce la 1996, maduka chini ofisi juu, linalopoa kama kichuguu bila AC za kawaida. Nalipenda sana lile jengo, ila tusidanganyane, Harare ipo juu karibu mita 1,500 na usiku wake ni baridi, feni zinavuta hewa ya usiku zinaipitisha kwenye sakafu na zege, zege linapoa, mchana linawapoza watu. Dar mwezi wa pili usiku nyuzi ni 25 au 26 na unyevu juu, zege lako utalipoza na nini? Kwetu ukuta mnene uliopigwa jua unatema joto mpaka usiku wa manane. Dawa ya pwani ni kivuli na upepo, usiruhusu joto liingie na lililoingia ulisukume nje. Singapore ambao hali yao ni kama yetu wameelewa hivyo, Oasia Hotel Downtown ya wasanifu WOHA, 2016, hoteli na ofisi humohumo, wameacha ghorofa nzima wazi kama bustani za angani upepo upite katikati ya mnara, na mwili wote wameuvisha wavu mwekundu wa aluminiamu unaopandwa na mimea. Na Abu Dhabi ambao vioo wanavipenda kuliko sisi, Al Bahr Towers za 2012 wakaona wazivishe mashrabiya, yaani vizuizi vya jua, zinazofunguka na kufunga kufuata jua, na upande wa kaskazini wakaacha bila hizo, maana hauhitaji. Sio lazima sisi tuwe na mitambo ya kufunguka, tofali za matundu zinafyatuliwa mjini hapahapa.

Mengine kwa haraka. Lifti ni mbili na zinatumika na wote, mzigo wa stoo, wateja wa ofisi na familia, saa mbili asubuhi unasubiri na mabelo ya nguo, ningependa wapangaji wawe na mlango wao na lifti yao. Maji hayajawahi kusumbua. Ulinzi mzuri, walinzi wana heshima na wanawajua watoto kwa majina. Usafi wa korido ni wa kuridhisha. Sevisi chaji ni kubwa lakini angalau inaonekana inakwenda wapi.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba usiende asubuhi, dalali atakupeleka asubuhi, wewe sema unatoka kazini saa kumi. Ingia chumba cha kulala gusa ukuta wa nje kwa ndani. Fungua dirisha na mlango mkuu kwa pamoja usimame katikati usikilizie kama kuna hewa inapita. Uliza mashine ya nje ya AC iko wapi, uone kwa macho. Ghorofa ya mwisho kabisa chini ya paa kama paa halina kivuli achana nayo, maana kwa jua hili la utosini paa ndilo linaumia kuliko ukuta wowote. Uliza na bei ya uniti. Ukiridhika na hayo ndio uanze kuangalia marumaru na makabati ya jiko, hayo unaweza kubadilisha, magharibi huwezi kuihamisha.

Uongozi wa jengo nimewapelekea mchoro, bure, sijawadai kitu. Vizuizi vya wima vya aluminiamu mbele ya kioo cha magharibi, viachane na kioo kama sentimita 60 ili hewa ipande katikati na wasafishaji wapite, ncha mbili za korido zivunjwe ziwekwe tofali za matundu, na bomba la jiko la chini litolewe kwenye shimo la hewa. Hilo la bomba wamekubali na fundi ameshakuja kupima. La korido wanasema wanasubiri watu wa zimamoto waseme kama inaruhusiwa, nawaelewa. La vizuizi bado wanaogopa jengo litapoteza sura, na mimi nitaendelea kuwaambia.

Jumla nawapa tatu kwa tano. Kama unatafuta fremu chukua, wateja wapo, ila weka kivuli chako mwenyewe mbele. Kama unatafuta nyumba humu, zipo chache za kona ya kusini mashariki, kodi ni sawa na yetu kwa sababu mwenye jengo anapanga bei kwa ukubwa na mandhari na hajui kwamba zile ndizo bora. Moja ya ghorofa ya saba inaachwa mwezi wa tatu, hiyo nimeshaisemea, ya ghorofa ya tano sijasikia kama ina mtu.